Somo la 7: Futi ya Fundi na Hekalu la Mungu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mit. 11:1, Amu. 3:12-25, Dan. 1:8-16, 1 Sam. 16:7, Luka 7:33-35, Mk. 2:1-12, Kut. 20:16, 1 Kor. 6:19, 20.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 6:19, 20. Lisomwe kwa sauti kutoka katika Biblia za wanadarasa, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake mwenyewe.

Kila mwaka baada ya mavuno, magunia ya mahindi humiminika Songea mjini kutoka Namtumbo, Madaba, Mbinga na vijiji vya karibu. Mkulima aliyelala shambani akifukuza nyani na nguruwe pori husimama mbele ya mizani, iwe ya mnunuzi wa mtaani au ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na macho yake hayabanduki kwenye namba. Akiona mizani imechezewa, au akilazimishwa kujaza lumbesa, atalalamika mpaka sauti imkauke. Hakuna anayemwambia kwamba ana kiburi kwa kuwa anataka kipimo sahihi.

Sabato moja, katika kanisa moja la mji huo, muuguzi ambaye pia ni mshiriki aliweka meza chini ya mwembe baada ya chakula cha pamoja. Alikuwa na mizani, kipimo cha presha, na futi ya kupimia nguo aliyoiazima kwa fundi cherehani. Akina mama walipanga mstari. Wanaume wengi walikumbuka ghafula kwamba wana mazungumzo nyuma ya kanisa.

Mzee mmoja wa kanisa, mfanyabiashara wa mahindi mwenye umri wa miaka 54, alipita karibu na meza akipigapiga tumbo.

“Shikamoo, Mzee,” muuguzi akamwamkia.

“Marahaba, binti yangu. Mimi huna haja ya kunipima. Hiki kitambi ni baraka za Bwana.”

Ua zima likacheka. Muuguzi naye akatabasamu, akavuta kiti. “Basi kaa upumzike tu, Mzee, jua ni kali.” Akakaa. Baada ya dakika tano alikubali kufungwa kitambaa cha kipimo mkononi. Presha ilisoma 178 kwa 104. Akaachwa apumzike, akapimwa tena: 174 kwa 102. Kiuno chake kilikuwa sentimeta 112, urefu sentimeta 168, uzito kilo 92. Hakuwa na maumivu yoyote. Asubuhi ile alikuwa amefundisha darasa lake vizuri tu.

Jambo ambalo watu wote pale walilijua, na ambalo hakuna aliyelitaja chini ya mwembe, ni kwamba mdogo wake, mwenye umbo lile lile, alikuwa amefariki ghafula mwaka uliotangulia akiwa na miaka 51. Ukoo ulikuwa umekwisha kupata jibu lake kuhusu kifo kile. Somo litalirudia jibu hilo siku ya Alhamisi.

Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato inayokuja.

JUMAPILI
Mizani ya Haki

Soma Mithali 11:1. Mungu anajishughulisha na mizani ya sokoni. Hilo linatuambia nini juu ya mtazamo wake kuhusu vipimo vya kweli katika mambo mengine ya maisha?

Sulemani hakuona mizani kuwa jambo dogo lisilohusu ibada. Kipimo cha uongo ni chukizo kwa Bwana, na kipimo cha kweli humpendeza. Tunalitumia fungu hili kwa wafanyabiashara, na ni sawa. Lakini mtu anaweza kuwa na mizani ya haki dukani, kisha akajidanganya mwenyewe juu ya mwili ambao Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu.

Kipimo kinachotumika zaidi kliniki ni uwiano wa uzito na urefu, ambao wauguzi huuita kwa herufi BMI. Chukua uzito kwa kilo, ugawe kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mzee wetu ana urefu wa mita 1.68, ukizidisha 1.68 kwa 1.68 unapata 2.82. Kilo 92 ukizigawa kwa 2.82 unapata karibu 32.6. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani huhesabu chini ya 18.5 kuwa uzito pungufu, 18.5 hadi chini ya 25 kuwa uzito unaofaa, 25 hadi chini ya 30 kuwa uzito uliozidi, na 30 na zaidi kuwa unene uliopitiliza. Mama mjamzito hapimwi kwa hesabu hii, na watoto wana majedwali yao.

Ni vizuri kujua kipimo hiki kilitoka wapi, maana wengine hukichukulia kama amri kutoka Sinai. Hesabu yenyewe ilitungwa katika miaka ya 1830 na Mbelgiji aliyeitwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa hisabati na nyota, aliyekuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani katika jamii. Hakuwa daktari, wala hakuwa akitafuta ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, ndio walioipa jina linalotumika leo. Kipimo hiki hakijui tofauti ya mafuta na misuli. Mbeba mizigo wa Soko Kuu la Songea, mwenye mabega kama mlango, anaweza kusomeka amezidi uzito na asiwe na tatizo. Karani mwembamba wa miguu na mikono, mwenye tumbo linalotangulia mbele yake, anaweza kusomeka yuko salama na asiwe salama hata kidogo.

Ndiyo maana futi ya fundi ina kazi. Simama wima, toa nguo nzito, pumua kawaida. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha futi katikati ya sehemu hizo mbili. Isikaze wala isilegee, na soma namba mwishoni mwa kutoa pumzi. (Kuvuta tumbo ndani wakati wa kupimwa ni lumbesa ya kinyume, anayepunjwa ni mwenye tumbo.) Kwa mwanaume, hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimeta 94, na huwa kubwa zaidi ikivuka 102. Kwa mwanamke, ni 80 na 88. Asiyekumbuka namba hizo akumbuke jambo moja: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya 168 ni 84. Mzee alikuwa na 112.

Ukipima pia nyonga mahali zilipo pana zaidi, unaweza kugawa kiuno kwa nyonga. Jibu likizidi 0.90 kwa mwanaume au 0.85 kwa mwanamke, ni onyo. Utafiti mkubwa uliolinganisha waliopata shambulio la moyo na wasiopata, katika nchi 52, Afrika ikiwamo, uliotolewa mwaka 2004 na 2005, uliona kwamba uwiano huu wa kiuno na nyonga ulionyesha hatari ya moyo vizuri kuliko uzito na urefu peke yake.

Ni kipimo gani katika maisha yako unachokiogopa, na unafikiri unakiogopa kwa sababu gani?

JUMATATU
Upanga Uliofunikwa

Soma Waamuzi 3:12-25. Mwandishi anasema nini juu ya mwili wa Egloni, na anamlaumu kwa jambo gani?

Egloni, mfalme wa Moabu, ni mmoja wa watu wachache katika Biblia ambao unene wao umetajwa waziwazi. Angalia kwamba simulizi halimhukumu kwa unene. Kosa lake ni kuwatesa Israeli kwa miaka 18 na kupokea kodi yao. Lakini kuna jambo moja la kutisha katika fungu la 22: upanga wa Ehudi ulipoingia, mafuta yaliufunika pamoja na mpini wake. Watumishi walisimama nje ya mlango wakingoja, wakidhani bwana wao yuko salama, kumbe jambo limekwisha.

Mafuta ya mwili hayakai mahali pamoja. Yako yaliyo chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyashika kwa vidole, mapajani na makalioni. Na yako yaliyo ndani ya tumbo, yamezunguka ini na matumbo, ambayo mkono haufiki. Haya ya ndani ndiyo yenye ukorofi. Hayakai kimya kama mahindi ghalani. Humwaga mafuta katika damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa, sukari hupanda na lehemu mbaya huongezeka. Pia hutoa kemikali zinazowasha kuta za mishipa ya damu na kuchangia kupandisha presha. Kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ile ile, na linaweza kuchoka.

Miaka inapita. Ndani ya mishipa inayolisha moyo, lehemu inajikusanya ukutani kama masizi ndani ya bomba la moshi. Mwenye mishipa hiyo bado analima, anapanda bodaboda, anaimba kwaya. Siku moja utando wa sehemu ile unapasuka, damu inaganda juu yake, na njia inaziba. Ikiwa ni mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiwa ni mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Nacho huja pia pale presha ya muda mrefu inapopasua mshipa.

Katika hali ya namna hiyo kila dakika ina thamani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, iko Dar es Salaam, na kutoka Songea hadi huko ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Ukweli huo peke yake ungetosha kuifanya futi ya shilingi chache kuwa chombo cha heshima katika kanisa lolote la Ruvuma.

Watumishi wa Egloni walichelewa kwa sababu ya heshima na aibu (fungu la 24, 25). Heshima na aibu hutucheleweshaje sisi?

JUMANNE
Danieli Hakukataa Kupimwa

Soma Danieli 1:8-16. Ni nani aliyependekeza kipimo cha siku kumi?

Fungu la 15 huwatatiza wasomaji wengine. Baada ya siku kumi za chakula cha mimea na maji, Biblia inasema nyuso za vijana wale zilikuwa nzuri zaidi na miili yao imenenepa kuliko ya wenzao. Je, kumbe kunenepa ndiko ushuhuda wa afya?

Mwenyeji wa Songea hashangazwi na lugha hiyo. Mtu akirudi kutoka safari, husifiwa kwa kuambiwa amenenepa. Maana yake amekula, amelala, hana shida. Kwa watu wanaojua njaa, mwili uliojaa ni habari njema. Tena kuna sababu ya karibu zaidi. Katika miaka ambayo UKIMWI ulimaliza nyumba nyingi kabla dawa hazijapatikana, kukonda kulikuwa kama tangazo la msiba. Mpaka leo yuko mama anayeogopa kupunguza kilo tano kwa sababu anajua jirani watakavyonong'ona. Kanisa lisilojua hofu hiyo litahubiri juu ya uzito na lisieleweke.

Vijana wa Babeli walikuwa mateka waliotembea njia ndefu, si watu wenye uzito uliozidi. Miili yao ilijaa kama ilivyopasa kujaa. Na jambo linalostahili kukaziwa ni hili: Danieli ndiye aliyesema watazamwe, walinganishwe, kisha uamuzi utolewe kulingana na yatakayoonekana. Imani yake haikuogopa matokeo.

Basi Ruvuma ikitazamwa kwa jicho hilo, inaonekanaje? Ni mkoa ambao kwa miaka mingi umelisha mikoa mingine kwa mahindi. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 44 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 34. Katika uchunguzi huo huo, asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Nao uchunguzi wa mwaka 2012 wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuwa umeona kwamba karibu robo yao wana shinikizo la juu la damu.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa, na mama yake amezidi uzito, pengine katika nyumba moja. Mambo haya yana uhusiano kuliko yanavyoonekana. Mtoto aliyelishwa uji mtupu wa sembe bila maharage, dagaa, karanga wala mboga hujaza tumbo na kukosa vya kujengea mwili. Wataalamu wameona pia kwamba mwili uliodumaa utotoni, ukija kukutana na chakula kingi cha wanga na mafuta ukubwani, huelekea kuweka mafuta tumboni. Kwa hiyo anayempimia mzee kiuno leo angefanya vema kuuliza pia kilichomo katika bakuli la mjukuu wake.

JUMATANO
Nyasi za James White

Kanisa hili lilipokea nuru juu ya afya mapema. Maono ya Ellen G. White kule Otsego, Michigan, yalitolewa Juni 1863, majuma machache tu baada ya Konferensi Kuu kuundwa. Miaka miwili baadaye nuru hiyo ilijaribiwa nyumbani kwake mwenyewe. Agosti 16, 1865, mumewe, James White, alipatwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 44. Unene haukutajwa kuwa sababu. Alikuwa amejichosha kwa kazi, safari na kukosa usingizi.

Alipelekwa katika kituo cha tiba ya maji kule Dansville, New York. Huko waliamini kwamba dawa yake ni mapumziko kamili: asifanye kazi, asijishughulishe na mambo ya dini. Mke wake alikaa hapo kwa takribani miezi mitatu, akaona mgonjwa anazidi kudidimia, akamwondoa. Mwaka 1867 walikuwa shambani Greenville, Michigan. Nyasi za mifugo zilipokomaa na kukatwa, James alitaka kuwaomba majirani waje kuzikusanya. Ellen alitangulia kwa majirani hao, akawasihi waseme kwamba wana kazi nyingi. Wakasema hivyo. James alisikitika, lakini hakuwa na njia nyingine ila kushika kazi mwenyewe pamoja na familia yake, mkewe akiwa juu ya rundo la nyasi akizikanyaga. Alipona, akaendelea kulitumikia kanisa kwa miaka mingi. Baadhi ya majirani huenda walimwona mama yule kuwa mkatili.

Mwili ulioumbwa kutembea bustanini huharibika ukikaa. Watu wa Songea wa kizazi kilichopita hawakuhitaji kuambiwa hivyo, kwa kuwa shamba lilikuwa mbali na miguu ndiyo iliyokuwa chombo cha usafiri. Leo bodaboda hufika mlangoni, kuanzia Lizaboni hadi Mjimwema, na safari ya dakika kumi na tano kwa miguu huonekana kuwa dalili ya kukosa nauli. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya kiasi. Hizo ni nusu saa kwa siku tano, na milima ya Songea huongeza ugumu bila kulipisha.

Kuhusu chakula, Waadventista wana ushahidi ambao madhehebu machache wanao. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kilianza mwaka 1974 kuwafuatilia zaidi ya Waadventista 34,000. Waliokula karanga na jamii ya kokwa mara nyingi kwa juma walipata mashambulio ya moyo pungufu kwa karibu nusu, wakilinganishwa na waliozila kwa nadra. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 2002, umewahusisha takribani watu 96,000 wa Marekani na Kanada. Wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama walikuwa na wastani wa uwiano wa uzito na urefu wa 23.6; wanaokula nyama, 28.8. Namba ya mwisho haina budi kusomwa kwa unyenyekevu: hao nao ni Waadventista, na wastani wao uko katika uzito uliozidi. Jina katika kitabu cha kanisa halipunguzi kiuno.

Wala kuacha nyama peke yake hakupunguzi. Sahani ya chipsi mayai haina nyama. Soda haina nyama. Andazi lililolowa mafuta, chai ya vijiko vinne vya sukari, mlima wa ugali wa sembe na kijiko kimoja cha mboga: vyote hivi vinaweza kuliwa na mtu anayejiita mla mboga, naye akashangaa kwa nini suruali hazifungi. Mambo ya chakula kilichopangwa kwa hekima hayako mbali. Korosho zinatoka Tunduru. Maharage, soya, parachichi na karanga vinapatikana. Dona husagwa kwa mashine ile ile ya sembe kwa kuruka hatua moja tu. Samaki wa Ziwa Nyasa wenye mapezi na magamba hufika sokoni. (Mbinga inalima kahawa nzuri, hiyo tunaweza kuendelea kuwauzia wengine, ingawa dhamiri ya darasa fulani itataka kulijadili hilo kwa saa nzima, na mwalimu awe macho.) Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyo ndani ya mkate na viungo vya dukani.

Jambo moja lisipitwe. Mwenye presha aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea au ameombewa. Apimwe, na daktari ndiye atakayesema zipunguzwe lini. Kupungua kwa asilimia tano hadi kumi ya uzito kunaweza kuteremsha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana. Kwa mtu wa kilo 92, hizo ni kilo tano hadi tisa, si lazima arudi kwenye suti ya harusi.

Ellen White alifanya mpango na majirani kwa siri. Je, upendo unaruhusu kumnyima mgonjwa msaada anaouomba? Mpaka wake uko wapi?

ALHAMISI
Jibu la Ukoo

Soma Kutoka 20:16 na 1 Samweli 16:7.

Mdogo wa yule mzee alianguka asubuhi akitoka kisimani, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Wiki chache kabla, alikuwa amegombana na jirani wa shamba juu ya mpaka. Msibani, shangazi mmoja alisema kwa sauti ya chini kile ambacho wengine walikuwa wakikiwaza. Mpaka siku ya kuondoa tanga, jirani yule alikuwa mchawi. Watoto wake walianza kutengwa kisimani. Mzee wa kanisa hakutamka neno hilo, kwa kuwa anajua Waadventista wanaamini nini juu ya uchawi na hali ya wafu. Lakini hakulikanusha. Aliacha kumsalimia yule mtu. Kwa mwaka mzima, alipokuwa akiongoza sala, jirani yule, ambaye naye ni mshiriki, alikaa benchi la nyuma.

Juma moja baada ya ile Sabato ya mwembe, mzee alikwenda kupimwa hospitali. Sukari ilikuwa juu, lehemu ilikuwa juu, na presha haikushuka. Daktari akamwuliza kama katika familia yuko aliyekufa ghafula. Akanyamaza muda mrefu.

Hakuna awezaye kusema kwa hakika ni nini kilichomwua mdogo wake; mwili haukuchunguzwa. Baba yao naye alikufa kwa kiharusi. Lakini kwa mara ya kwanza mzee aliona kwamba kulikuwa na jibu jingine, ambalo hakuna mtu aliyejisumbua kulitafuta, na kwamba ukimya wake ulikuwa umeshuhudia dhidi ya jirani yake bila ushahidi. Namba zilizoandikwa na muuguzi kwenye karatasi zilikuwa zimemshtaki katika amri ambayo hakudhani inahusika.

Alianza dawa. Akaanza kutembea asubuhi, kwanza akiona aibu, akipitia njia za nyuma. Soma Marko 2:1-12. Mwenye kupooza hakufika kwa Yesu peke yake. Watu wanne walimbeba, na paa la mtu likaharibika. Darasa la Shule ya Sabato la mzee lilifanya jambo dogo: watu wanne wakawa wanampitia saa kumi na mbili asubuhi. Hawakumwambia habari za kitambi. Walizungumza bei za mahindi, wakajadili somo, wakapanda mlima. Akina mama wa Dorkasi wakakubaliana kwamba chakula cha Sabato kitakuwa na sufuria moja ya mboga kubwa kuliko ya pilau, na hilo, kwa kweli, lilileta manung'uniko kuliko jambo jingine lolote katika habari hii.

Kuna hatari ya kuangukia upande wa pili. Soma Luka 7:33-35. Yesu mwenyewe aliitwa mlafi na watu waliopima dini kwa sahani. Unene una mizizi mingi: urithi, dawa fulani, uzazi, usingizi mfupi wa mlinzi wa usiku, huzuni, umaskini unaonunua kinachoshibisha kwa bei ndogo. Mtu hawezi kumtazama dada katika kwaya na kuijua meza yake, sembuse moyo wake. Samweli alikosea kwa kumtazama Eliabu na urefu wake, na angekosea vilevile kwa kutazama upana. Kipimo cha kiuno ni cha mwenye kiuno, muuguzi wake na Mungu wake. Kisitangazwe mimbarani, kisibandikwe ubaoni, wala kisifanywe utani kwenye kundi la simu la kanisa.

Miezi minne baadaye kiuno kilikuwa sentimeta 105. Presha ilikuwa 138 kwa 86, akiwa bado kwenye dawa. Njia yake ya asubuhi ilipita karibu na nyumba ya jirani yule wa shamba.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma sura zinazohusu chakula, mazoezi na kiasi katika kitabu cha Ellen G. White cha mwaka 1905 juu ya huduma ya uponyaji. Angalia dawa za asili anazozitaja: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji na kumtumaini Mungu. Tafakari ni ipi kati ya hizo ambayo ni ngumu kupatikana mahali unapoishi, na ni ipi inayopatikana bure ila haitumiwi.

Darasa lenye mtaalamu wa afya linaweza kumwomba alete futi na kipimo cha presha Sabato alasiri. Vipimo vifanyike faraghani, wanaume na wanawake mbalimbali, na kila mtu akabidhiwe karatasi yake mwenyewe. Atakayesoma presha ya 140 kwa 90 au zaidi apelekwe kliniki kupimwa tena kwa siku nyingine. Asipewe hukumu ya ugonjwa kwa kipimo kimoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Tofautisha kujali mwili na kuuabudu. Je, mtu anaweza kupunguza uzito na bado tumbo likawa mungu wake? (Flp. 3:19)

2. Katika jamii inayoona unene kuwa neema na kukonda kuwa ugonjwa, kanisa lifundisheje bila kuwaaibisha wanene wala kuwatisha wembamba?

3. Vifo vya ghafula katika eneo lenu huelezwa vipi msibani? Mshiriki aliyeketi pale matangani, ambaye anajua kidogo juu ya presha na moyo, ana wajibu gani wa kusema, na aseme wakati gani?

4. Asubuhi moja wale wanne walimwona mzee amesimama kwenye uchochoro wa nyumba ya jirani yake, mkono umeinuliwa kubisha hodi, nao wakaendelea na safari wakamwacha. Unadhani alipaswa kusema nini kwanza mlango ulipofunguliwa?